Nidhamu ya Kazi na Masalia ya Unyapara

Nidhamu ya kazi si mali ya msimamizi. Historia yetu inathibitisha hivyo.

Chini ya Waingereza, sheria ya mabwana na watumishi ya 1923 ilifanya utoro wa kibarua kuwa jinai. Mpango wa karanga wa Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ulianza ndani ya mfumo huo. Mwaka 1947 mgomo wa makuli wa Dar es Salaam ulifuata reli ya kati hadi Dodoma. Ukame na ardhi ngumu viliuangusha mpango wa karanga 1951. Lakini wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuonyesha kuwa amri pekee haijengi utii.

Baada ya Uhuru, sheria ya 1964 ya kulinda ajira iliorodhesha makosa na adhabu, ikaunda kamati za wafanyakazi ambazo mwajiri alipaswa kushauriana nazo kabla ya kumfukuza mtu. Mwongozo wa TANU wa 1971, kifungu cha 15, ulikemea majivuno, dharau na uonevu wa viongozi. Migomo ilifuata viwandani. Je, Mwongozo uliruhusu uvivu? La. Ulikataa unyapara, haukukataa kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai sababu ya haki na utaratibu wa haki. Basi, ndugu msimamizi, mweleze mtuhumiwa kosa lake, msikilize akiwa na mwakilishi wake, ndipo uamue. Anayeruka hatua hizo humpa hata mkosaji wa kweli ushindi, na huwavunja moyo wanaojituma.