Sakitu ya kipupwe: usiwe na haraka ya kung'oa mparachichi ulioungua

Mwezi wa sita ukiingia, meseji za wasikilizaji wetu wa Njombe, Makete na Mufindi hubadilika. Mwezi wa tano tunaulizwa bei ya viazi. Mwezi wa sita tunatumiwa picha za miparachichi, migomba na maua ya mbele ya nyumba, majani yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Hiyo ni sakitu, ule umande unaoganda usiku na kuunguza mimea.

Mchana udongo hunywa joto la jua, na usiku huliachia. Kukiwa na mawingu, joto hilo hurudishwa chini kama mtu aliyejifunika blanketi. Anga likiwa wazi, nyota zinawaka na upepo umetulia, joto hupaa lote. Hewa iliyopoa ni nzito, hivyo huteremka mlimani kama maji na kutuama bondeni. Ndiyo maana bustani ya mtoni inaungua huku ya jirani yako wa mteremkoni ikibaki kijani. Kama una ua mnene upande wa chini wa shamba, umejenga bwawa la baridi. Fungua nafasi chini ya ua huo ili hewa ipite.

Jambo jingine ni utabiri. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe, juu ya ardhi. Ukitusikia tunasema usiku wa leo nyuzi 3, usidhani uko salama. Kwenye nyasi za bondeni huenda ikawa sifuri au chini yake.

Sasa niseme kosa langu. Kuna mwaka nilimpigia Mama simu, nikamwambia aweke matandazo mazito kwenye miche yake 14 ya parachichi, maana kiangazi kilikuwa kimeanza. Bustani yake iko bondeni. Sakitu ikapiga siku mbili mfululizo, miche 11 ikawa ya kahawia. Matandazo ni mazuri kwa kutunza unyevu na kukinga mizizi, lakini yanazuia jua lisiupashe udongo mchana, na usiku yanazuia joto la udongo lisiyafikie majani. Ardhi iliyo wazi, iliyoshikamana na yenye unyevu hutoa joto zaidi usiku kuliko ardhi iliyofunikwa kwa nyasi au iliyolimwa karibuni ikawa tifutifu na kavu.

Kwa hiyo kama uko bondeni, katika wiki za baridi kali sogeza matandazo pembeni, hatua moja kutoka kwenye shina. Palilia magugu, usilime. Mwagilia mchana, jua likiwa kali, ili udongo ulowe na upate muda wa kupata joto kabla ya jioni. Udongo mkavu una hewa nyingi ndani yake na hautunzi joto. Baridi ikipita, rudisha matandazo yako.

Miche ya mwaka wa kwanza na wa pili ifunike. Chomeka fito tatu au nne kuzunguka mche, kisha weka viroba, shuka kuukuu, nyasi au majani ya migomba. Kifuniko kifike chini mpaka kiguse ardhi, kwa sababu joto unalolitafuta linatoka ardhini. Ukimfunga mche kichwani tu kama kilemba, umejisumbua bure. Funika kabla jua halijazama, funua asubuhi likishapanda. Ukitumia nailoni isiguse majani, maana pale inapogusa ndipo panapoungua. Na vyandarua tuviache vitandani, tafadhali.

Kwa mche wa kubebeshwa, sehemu ya kulinda kuliko zote ni pale palipobebeshwa na sentimita chache juu yake. Zungushia mabua ya mahindi au majani makavu ya mgomba, ufunge kwa kamba isiyobana. Majani yakifa lakini hapo pakapona, mti bado ni wa aina uliyonunua. Pakifa, kitakachochipua chini ni shina la kienyeji lililobebeshwa.

Urea na CAN usiweke kuanzia mwezi wa tano. Mbolea hizo huleta machipukizi laini, na hayo ndiyo ya kwanza kuungua. Moshi wa kuchoma takataka hausaidii kama wengi wanavyoamini. Kinachosaidia ni joto la moto, na moto mmoja mkubwa hulipeleka joto juu, mbali na mimea.

Nirudi kwa Mama. Alipoiona miche imekauka, aling'oa sita siku ileile. Wageni wakaja, akaiacha mitano. Mwezi wa tisa minne kati ya hiyo mitano ikachipua. Mpaka leo ananiuliza ile sita ingekuwaje.

Mti ulioungua uache kama ulivyo. Majani na matawi yaliyokufa yanaendelea kuukinga na usiku mwingine wa baridi, na bado hujui kifo kimeishia wapi. Kwangua gome kidogo kwa ukucha: kijani maana yake pazima, kahawia kavu pamekufa. Shina lililobaki bila majani lipake chokaa iliyochanganywa na maji, jua lisilibabue. Subiri machipukizi yajitokeze, ndipo ukate juu ya chipukizi zima. Mbolea isubiri mvua.

Mgomba wenyewe hauhitaji huruma nyingi. Majani hufa, kitako kilichomo ardhini huchipua. Magimbi ni hivyohivyo. Maua ya nyanda za Kitulo, yaliyofanya pale pawe hifadhi ya taifa mwaka 2005, hupita kipupwe kwa njia hiyo. Yale ya jamii ya okidi hukauka juu, viazi vyake vikakaa ardhini mpaka mvua. Mimea ya namna hii ndiyo ya kuwekea matandazo mazito bila wasiwasi, kwa kuwa huna jani la kuokoa juu, una mzizi wa kulinda chini.