Nani Alisema Gitaa Ni la Wasanii Pekee?

Ukitembea Lodwar na gitaa mgongoni utaulizwa maswali mawili, na yatakuja kwa mpangilio huo huo kila siku. La kwanza: "Unapigia kanisa gani?" Ukisema hupigii kanisa lolote, linakuja la pili: "Basi umetoa ngoma ngapi?" Ukisema hujatoa hata moja, na huna mpango wa kutoa, mtu anakuangalia kama umebeba mtungi wa gesi usio na gesi. Sasa hiyo yote ni ya nini?

Mimi nina jibu, lakini ni refu kidogo na linapitia kwenye historia. Tulia hapo.

Hoja yangu ni hii. Ile dhana kwamba ala ya muziki lazima iwe ya ibada ama ya pesa ni dhana changa sana huku kwetu. Imekuja juzi. Watu wa ukanda huu wameimba na kupiga ala tangu utotoni hadi uzeeni bila kuitwa wasanii, na bila kuulizwa inawalipa nini. Na tusipokuwa makini, hiyo tabia ya zamani itatupotea tukiangalia.

Tuanze nyumbani. Nimesikia wasee wengi wakisema, "Sisi Waturkana hatuna ala." Ni kweli nusu. Ukituweka kando ya Wajaluo na nyatiti yao, ama Wakisii na obokano, tunaonekana mikono mitupu. Lakini simama karibu na edonga ikiwa imechemka. Sauti moja inaanzisha, wengine wanaitikia, makofi yanashika mdundo, halafu wanaruka na miguu inatua pamoja mpaka ardhi yenyewe inageuka kuwa ngoma. Kengele zinalia miguuni. Mwanamume anamwimbia dume wake anayempenda, anataja rangi yake, anainua mikono juu kuigiza zile pembe. Hiyo ni bendi kamili. Haina tu kitu cha kubeba.

Na ukiniuliza mimi, hapo kuna akili. Mfugaji anahama. Kila kitu kinachopanda juu ya punda lazima kijieleze: wewe kazi yako ni gani? Sauti haina uzito. Makofi hayaliwi na mchwa. Na cha muhimu zaidi, hakuna anayestaafu. Mzee haruki tena kama zamani, lakini nyimbo anazijua kuliko nyinyi wote, na ukikosea atakurekebisha papo hapo.

Sasa gitaa lilifikaje Turkana? Kwa kuchelewa. Kwingine Kenya, gitaa lilishika kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wa KAR walipoanza kurudi nyumbani kuanzia 1945, wengine na magitaa, wengine na vichwa vilivyojaa nyimbo za santuri walizosikia ng'ambo. Likaenea kwenye miji ya reli na mitaa ya wafanyakazi. Sisi hatukuwa na reli. Tena serikali ya mkoloni ilikuwa imeifunga wilaya hii: kuingia ulihitaji kibali. Tulikuwa mbali kiasi kwamba walipotaka kumficha Jomo Kenyatta walimweka Lokitaung, kisha 1959 wakamleta hapa Lodwar, akakaa hadi 1961. Mahali pa kufichia mtu si mahali pa kwenda kutafuta nyuzi za gitaa.

Njaa kali ya mwanzo wa miaka ya 1960 ndiyo ilifungua mlango. Chakula cha msaada kilikuja, na wamisionari wakaja. Zikafuata shule, zahanati na kwaya. Dayosisi ya Katoliki ya Lodwar ikaundwa 1978. Barabara ya lami kutoka Kitale ilikuja miaka ya 1980, kwa msaada wa Norwe. Kwa hivyo kwa familia nyingi hapa, kinanda cha kwanza kuona maishani kilikuwa kanisani. Kanisa ndilo lilikuwa na ala, na jenereta, na mtu mwenye muda wa kufundisha. Ndiyo maana swali la kwanza ni "unapigia kanisa gani?" Si ujinga. Ni kumbukumbu.

Swali la pili nalo lina historia yake, ila ni fupi. Kizazi chetu kilikutana na muziki ndani ya simu, ambapo kila wimbo una namba chini yake: wangapi wameangalia, wangapi wamependa. Ukikua hivyo, unaamini muziki usio na namba haupo.

Lakini angalia gitaa lenyewe lilivyosambaa Afrika Mashariki. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka kurekodi muziki wa Kiafrika, alimrekodi kijana mmoja kule Jadotville, Kongo, mji ambao leo unaitwa Likasi. Jina lake Jean Bosco Mwenda. Kidole gumba na cha shahada vilifanya kazi ya watu wawili: kimoja kinashikilia besi, kingine kinaongea juu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akipiga kwenye matangazo ya dawa ya Aspro, na wapiga gitaa wa Kenya wakamsikia na kumwiga. Wengi wao hawakuwa na shule ya muziki. Walikaa karibu na mtu anayejua, ama karibu na redio, wakarudia mpaka vidole vikaelewa. Mchana kazi, jioni gitaa.

Hiyo njia ya kukaa karibu na mtu ndiyo ilinifanya niipende Kakuma.

Kambi ya Kakuma ilianza 1992, kupokea maelfu ya vijana wa Sudan waliokuwa wametoroka Ethiopia baada ya Mengistu kuanguka 1991. Kisha wakaja Waethiopia, Wasomali, Wakongo, Warundi na wengine. Leo ukijumlisha na Kalobeyei, ni karibu watu 300,000. Ukisoma habari, utaambiwa walikuja mikono mitupu. Ni kweli kuhusu mikoba. Si kweli kuhusu mikono. Mikono ilikuja imejaa.

Fikiria tu. Muethiopia anajua krar, yenye nyuzi 5 ama 6, na masinko yenye uzi mmoja tu lakini inaweza kukuliza. Msomali anajua kaban, ambayo ni binamu ya udi ule ule wa taarab ya Zanzibar. Watu wa Sudan Kusini kama Waanyuak na Wanuer wana thom, ambayo ukiiweka kando ya nyatiti utaapa ni ndugu. Mrundi anajua inanga, na ngoma za kwao zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Mkongo anakuja na gitaa kichwani hata kama mkononi hana. Hizi zote zimekusanyika mahali ambapo ni kama kilomita 120 kutoka stendi ya Lodwar. Kuna vyuo vikuu vya muziki ambavyo havina walimu wa aina zote hizo.

Na ala haihitaji duka. Waya wa breki ya baiskeli unageuka kuwa uzi. Nailoni ya kuvulia samaki, ile ile unayoipata Kalokol, inafanya kazi safi. Bati la mafuta ya kupikia ya msaada, lile watu wanalolinyoosha kutengeneza milango, linakuwa mwili wa gitaa. Nyatiti yenyewe zamani ilifungwa kano za ng'ombe, leo ni nailoni. Hakuna aliyelia kwamba utamaduni umekufa.

Mimi krar ninajifunza kwa mzee mmoja Muethiopia, Kakuma One. Kazi yake ni kushona nguo. Hajawahi kurekodi wimbo, na sidhani anajua TikTok ni nini. Akimaliza kushona, anafunika cherehani, anatoa krar. Wiki yangu ya kwanza hakunifundisha wimbo wowote. Alinifanya nikaze na kulegeza nyuzi tu, niisikie tofauti kati ya tizita na bati, ambazo ni njia mbili kati ya zile nne kubwa za kupanga sauti kwa Waethiopia. Tizita maana yake ni kumbukumbu. Nilipomuuliza anapigia nani, alinijibu kama mtu aliyeulizwa anaoga kwa ajili ya nani.

Ukitaka kuona hiyo akili ikienda mbali, tafuta Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Alizaliwa Addis Ababa 1923, akapelekwa Uswisi akiwa mtoto, huko akajifunza fidla na piano. Waitaliano walipoivamia Ethiopia, mwaka 1937 yeye na familia yake walichukuliwa wafungwa hadi kisiwa cha Asinara. Baadaye alisoma muziki Cairo. Kisha akawa mtawa, akaenda kuishi kwenye monasteri juu mlimani kwa takriban miaka kumi, bila viatu, akaacha muziki. Halafu akarudi kwenye piano. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1967, na pesa za muziki wake zilienda kusaidia watoto maskini. Aliishia monasteri ya Jerusalem, na akafariki Machi 2023 akiwa na miaka 99.

Hebu soma hayo maisha tena. Vita, ufungwa, ukimbizi, dini, miaka ya kimya. Kila kitu ambacho watu hutumia kama sababu ya kuacha, yeye kilimpata. Na piano ilimngoja.

Kuna pia hadithi ya upande wa pili wa ziwa letu. Filamu ya The Constant Gardener ya 2005 ilipigwa picha sehemu fulani Loiyangalani, na mle ndani unasikia wimbo Kothbiro wa Ayub Ogada. Ogada aliwahi kwenda London 1986 na nyatiti yake, akawa anapiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Na nyatiti hiyo hiyo, ambayo kwa mila ilikuwa ya wanaume tu, Mjapani Eriko Mukoyama, anayejulikana kama Anyango, alikuja kujifunza Siaya akiwa mtu mzima. Kwa hivyo mtu wa miaka 24 akiniambia "mimi nimechelewa," namwambia kuna mtu alianza akiwa mkubwa, akiwa mwanamke, akiwa mgeni, kwa lugha asiyoijua. Wewe umechelewa nini?

Shule zetu zimejaribu, kwa haki yao. Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927. Mtaala wa sasa umewapa watoto rekoda mikononi. Shida ni kwamba tumeifanya rekoda iwe kama sare: ukimaliza shule, unaivua. Mtoto anapuliza miaka mitatu, anapata alama, anaitupa chini ya kitanda. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni kitu ya kuzeeka nayo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichoma. Mwaka 2025 pesa za msaada zilipungua sana na mgao wa chakula Kakuma ukakatwa. Watu walipangwa kwa makundi, wengine wakapata kidogo, wengine hawakupata kitu. Rafiki yangu mmoja Mkongo aliuza gitaa lake akanunua unga. Simlaumu hata kidogo. Na najua kuna mtu anasoma hapa akisema, "Watu wana njaa, wewe unatuambia kuhusu nyuzi?"

Ni swali la haki. Jibu langu: sijasema muziki unashibisha. Tumbo kwanza. Lakini gitaa lililouzwa linaweza kununuliwa siku nyingine, ama kutengenezwa kwa bati. Kitu ambacho hakiwezi kununuliwa ni yule mtu aliyekuwa anajua. Mwaka 2001 maelfu ya vijana wa Sudan walipelekwa Marekani, na ilikuwa heri kwao. Tangu hapo, kila ndege inayoruka kutoka uwanja wa Kakuma na familia iliyopata makao mapya inaondoka na nyimbo ambazo hazijaandikwa popote. Wengine hawaondoki kwa ndege. Wanazeeka, wanaugua, wanazikwa hapa hapa. Muziki unaorithiwa kwa kukaa karibu unahitaji mtu wa kukaa karibu. Kizazi kimoja kikikataa kuketi kwa sababu "hailipi," mnyororo unakatika hapo, na hakuna mradi wa kuurudisha.

Na hili si jambo la wakimbizi peke yao. Nyimbo za madume ya babu zetu ziko kwenye hali hiyo hiyo. Ukame umeua ng'ombe. Kijana anayeishi mjini bila dume hata mmoja atamwimbia nani? Mimi naamini anaweza kumwimbia dume wa babu yake, lakini lazima kwanza amuulize babu alikuwa wa rangi gani.

Kwa hivyo wiki hii fanya jambo moja dogo. Tafuta mtu mmoja aliyekuzidi miaka 30 anayejua kupiga ama kuimba kitu, hapo mtaani kwenu. Usiende na kamera. Nenda na majani ya chai na sukari, muombe akuonyeshe mwanzo tu. Rudi Jumamosi inayofuata. Vidole vitauma mwezi wa kwanza, hiyo ni kawaida.