Mashauri ya Ng'ombe Katika Nyaraka za Ugogo

Historia tunayofundisha shuleni aghalabu huanza na vita na watawala. Maisha ya mtu wa kawaida wa Ugogo yaliandikwa kwingine, nako ni barazani, siku alipomshtaki mwenziwe.

Sheria ya 1926 iliwafanya watemi kuwa chombo cha utawala wa Kiingereza. Ile ya 1929 ikaziondoa mahakama za wenyeji mikononi mwa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Rufani ikapanda kwa Bwana Shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Mawakili hawakuruhusiwa. Basi aliyesimamia kodi ndiye huyo huyo aliyesikiliza rufani, na asomaye majadala hayo asilisahau jambo hilo.

Mashauri mengi yalihusu ng'ombe. Mgogo mwenye busara hakuweka mifugo yake yote katika tembe moja. Alimkabidhi huyu wawili na yule watatu, ili ukame au maradhi yasimmalize. Je, ndama waliozaliwa huko ni wa nani? Na iwapo mlishaji amekufa? Njaa ya Mtunya, iliyoanza baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, iliwatawanya watu hadi mwaka 1920. Madai ya namna hiyo yakawa magumu, kwani shahidi alikuwa amehama au amekwisha kufa.

Marehemu Mathias Mnyampala alitueleza mila za Wagogo katika kitabu chake cha 1954. Kitabu huonyesha mila ilivyotakiwa kuwa. Shauri huonyesha watu walivyoigombea. Kwa maoni yetu, la pili ndilo lenye mafunzo zaidi, ijapokuwa maneno yaliyosemwa kwa Kigogo yametufikia kwa Kiswahili cha karani.

Mahakama hizo zilikoma kufuatia sheria ya 1963, zikaja Mahakama za Mwanzo. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo ikatamka kuwa ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikutolewa. Hapo ndipo mashauri ya zamani ya mahari yanapostahili kusomwa darasani: mdai ni baba au mume, mdaiwa ni baba au mume, nao wanahesabiana ng'ombe. Mwanamke mwenyewe, ambaye shauri zima linamhusu, ni nadra kusikika akisema.