Sabuni ya Majivu, Mbamba Bay
Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 sabuni ya dukani iliadimika nchi nzima. Mwaka 1983, Serikali ilipowasaka wahujumu uchumi, yaani walioficha bidhaa, wengine walizitupa vichakani kwa woga. Bibi mzaa mama, pale Mbamba Bay, enzi hizo Wilaya ya Mbinga, alipika sabuni yake.

Alichoma majani makavu ya migomba, akajaza majivu kwenye chungu kilichotobolewa kitako, akamwagia maji polepole. Maji yaliyochuruzika aliyapima kwa yai bichi: likizama, yachemshwe yapungue, likielea, yametosha. Ndipo mawese ya Kyela yakaingia sufuriani. Majivu yana potashi, kwa hiyo sabuni haikuganda ikawa mche, ambao hutaka soda ya kiwandani. Ilibaki laini kama uji, ikatekwa kwa kata.

Ngozi yangu ilikuwa ya kuwasha. Kwa hiyo sabuni yangu aliizidishia mafuta, akaiacha mtungini wiki kadhaa ukali uishe. Wakubwa walifulia ile mbichi, wakababuka vidole. "Mjukuu wangu, yako bado," alinikemea nikigusa mtungi.

Biashara ilipolegezwa, kuanzia 1984, mche ulirudi, naye akaacha kuchoma majivu. Mimi sikushangilia: ule mche uliniwasha.