Hongo ya Ugogo na Lawama za Wageni

Ukitoka Morogoro kuelekea magharibi, mvua hukuaga njiani. Milima ya Usagara huyazuia mawingu yatokayo baharini, na nchi iliyo nyuma yake, ambayo ndiyo Ugogo, hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, tena msimu usioaminika. Katika karne ya 19 watu wa huko walilima uwele na mtama, wakafuga ng'ombe, wakaishi katika tembe, zile nyumba za miti na udongo zenye paa bapa. Kiangazi kilipokaza, walichimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka na kuyateka maji kidogo kidogo. Anayetaka kujua kwa nini Wagogo na wageni waligombana kwa miaka zaidi ya 30 aanzie kwenye visima hivyo.

Biashara ya pembe za ndovu ilipopamba moto kuanzia miaka ya 1830 na 1840, njia kuu ya kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na kutoka huko hadi Ujiji, ilipita katikati ya Ugogo. Kuizunguka nchi hiyo hakukuwa rahisi, kwani kusini walikuwako Wahehe na kaskazini Wamaasai. Kabla ya kuingia, misafara ilipumzika Mpwapwa na mara nyingi iliungana, kwa sababu mbele yake kulikuwa na nyika isiyo na maji iitwayo Marenga Mkali. Kwa hiyo kilichofika kwenye kisima cha Mgogo baada ya nyika hiyo kilikuwa umati wa mamia ya watu, na pengine zaidi ya elfu moja, wote wakiwa na kiu na wote wakitaka nafaka.

Ugogo haikuwa na mfalme mmoja. Kila eneo lilikuwa na mtemi wake, aliyehesabiwa kuwa mwenye nchi na mwombezi wa mvua, na kila mtemi alidai hongo kabla hajaruhusu wageni wateke maji na kununua chakula. Hongo ililipwa kwa doti za nguo za merikani na kaniki, kwa shanga na kwa nyaya za shaba. Mazungumzo yangeweza kuchukua siku kadhaa, nao wazee wa mtemi walikuwa na fungu lao. Msafara ukimaliza kwa mtemi mmoja, baada ya mwendo wa siku moja au mbili ulianza upya kwa mwingine.

Je, hongo ilikuwa unyang'anyi au malipo ya haki? Wasafiri wa Ulaya karibu wote walishika jibu la kwanza, nalo si la uongo mtupu: watemi walijua kwamba mpita njia hana njia nyingine, na walipandisha bei walipouona msafara tajiri. Lakini maelezo hayo peke yake hayatoshi. Maji yaliyonywewa kwa siku tatu na wapagazi mia tano yalikuwa ya mifugo ya kijiji, na mtama uliouzwa leo ungeweza kukosekana mwezi wa njaa. Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi walinung'unika pia, lakini walilipa na kuihesabu hongo kama gharama ya safari. Nionavyo mimi, hongo ilikuwa ushuru wa nchi kavu, wenye ukali wake na utaratibu wake, na aliyeuelewa hivyo alipita salama.

Septemba 1857 wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Ugogo wakitafuta maziwa makuu. Tunayo bahati moja: Burton, pamoja na dharau zake nyingi, alikuwa na sikio la kunasa maneno, na aliandika uvumi uliomtangulia njiani. Watu walisema kwamba Wazungu wana jicho moja na mikono minne, na kwamba mvua huwatangulia lakini nyuma yao hubaki ukame. Walisema kwamba wakipika matikiti na kutupa mbegu huleta ndui, na wakichemsha maziwa huleta maradhi ya ng'ombe. Tena walisema kwamba hao ni wafalme wa bahari, na kwamba mwaka ujao watarudi kuinyakua nchi.

Inafaa tusimame kidogo hapa, maana uvumi huu ndio ushahidi wa mapema tulio nao wa mawazo ya wenyeji kuhusu Wazungu. Mambo yanayoogopwa ni yale yale ambayo uhai wa Mgogo uliyategemea, yaani mvua, ng'ombe na afya ya watoto, na mwishoni ipo hofu ya kunyang'anywa ardhi. Hata hivyo wenye hofu hiyo hawakuwafukuza wageni. Burton mwenyewe anakiri kwamba Wagogo walikuwa wakarimu, kwamba mgeni alisalimiwa na kukaribishwa nyumbani akapewa kiti. Waliogopa, walitoza, na walikaribisha, yote kwa wakati mmoja.

Kitabu cha Burton kilitoka London mwaka 1860, na cha Speke, aliyepita tena Ugogo mwishoni mwa mwaka ule ule na kukimbiwa na wapagazi wengi, kikafuata mwaka 1863. Ndani ya vitabu hivyo Mgogo alipata sifa ambayo haikumtoka: mwizi, mwombaji asiyechoka, mtu wa kelele anayemkodolea mgeni macho. Ukarimu ulibaki katika aya chache, nao haukuwa na mvuto kwa msomaji aliyetaka mikasa. Kuanzia hapo kila Mzungu aliyeshika njia hiyo alifika akiwa ameshasoma. Hakukutana na Wagogo. Alikuja kuhakikisha aliyoyasoma.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa mmoja wao. Alipita Ugogo Mei na Juni 1871 akimtafuta mmisionari David Livingstone, huku akiyataja maandishi ya Burton mara kwa mara. Watu wa Mvumi, moja ya maeneo ya Ugogo, walitoka kwa mamia kumwona. Kwao mgeni mweupe aliyepita hadharani alikuwa kitu cha kutazamwa, na kutazama hakukuwa tusi. Stanley aliona ni ufidhuli. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 anasimulia bila haya jinsi alivyomkamata kijana mmoja shingoni na kumcharaza kwa mjeledi. Kwa haki yake niongeze kwamba aliusifu pia uzuri wa miili ya Wagogo na ujasiri wao, lakini kijana aliyechapwa hakukisoma kitabu hicho.

Hapo ndipo tunapoona jinsi lawama zilivyosafiri. Zilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya karatasi, kutoka Ugogo hadi London na Berlin, kisha kurudi na msafiri mwingine. Njia ya pili ilikuwa ya midomo. Wapagazi wa Kinyamwezi na waungwana wa Unguja walilala kijiji baada ya kijiji, na waliyoyaona jana waliyasimulia leo. Mgogo hakuhitaji kusoma Kiingereza ili ajue kwamba ameandikwa vibaya. Aliisoma lawama hiyo katika sauti ya mgeni, katika haraka yake ya kushika fimbo, katika bunduki zilizopangwa mbele ya hema. Naye alijibu kwa njia aliyokuwa nayo, yaani hongo ikapanda, mazungumzo yakarefushwa, na vijana wakaja na mikuki. Msafiri akayaandika hayo kuwa ushahidi mpya, na kitabu kilichofuata kikawa kikali zaidi.

Yapo maelezo mengine ya ugumu huo, na lazima tuyapime. Katika miaka ya 1870 bei ya pembe ilikuwa imepanda, misafara ilikuwa mingi kuliko wakati wa Burton, na vita vya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, vilivuruga njia yote na kusambaza bunduki. Hata kama hakuna Mzungu ambaye angeandika neno, hongo ingepanda. Ninakubali. Lakini biashara haielezi kwa nini mgeni mweupe aanze kuonekana mtu wa shari hata asipokuwa na pembe za kuuza. Hilo lilitokana na mwenendo wake, na mwenendo wake ulikuwa umefundwa na vitabu.

Tunaweza kulipima jambo hili kwa kuwatazama wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society), waliopiga kambi Mpwapwa, mlangoni mwa Ugogo, mwaka 1878. Hao walikaa. Waliyanywa maji yale yale, walitibu wagonjwa, walijifunza Kigogo na kuanza kutafsiri maandiko. Walikuwa na malalamiko yao, na barua zao zimejaa hayo, lakini hawakuwa wapita njia, na watu waliwazoea. Kwa hiyo si kweli kwamba Wagogo walikuwa na mtazamo mmoja kwa kila Mzungu. Walimtofautisha aliyekaa na aliyepita, na aliyesalimia na aliyechapa.

Mwaka 1889 mambo yaligeuka. Hermann von Wissmann, aliyetumwa na Ujerumani kuizima vita ya Abushiri bin Salim pwani, alifika Mpwapwa Oktoba na kujenga boma. Muda mfupi baadaye Stanley alipita Ugogo kwa mara nyingine, safari hii akitoka bara pamoja na Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Katika kitabu chake cha mwaka 1890 anaandika jambo ambalo kila mwanafunzi wa historia ya Dodoma angepaswa kulijua. Anasema hakuna nchi iliyomvutia zaidi barani Afrika, kwamba tangu zamani aliitamani, kwamba angeweza kuitengeneza kwa miezi sita tu, na kwamba anawaonea wivu Wajerumani kwa kuwa sasa wao ndio watakaouvunja ujeuri wa watemi wa Kigogo. Lawama ya msafiri ilikuwa imekomaa ikawa mpango wa kutawala.

Haikuchukua hata mwaka. Katikati ya 1890 mkoloni wa Kijerumani Carl Peters alipita Ugogo akirudi kutoka Uganda. Yeye mwenyewe ameandika yaliyotokea katika nchi ya mtemi Makenge. Mgogo mmoja alisimama mlangoni pa hema akimtazama huku akicheka, naye akachapwa kwa mjeledi wa ngozi ya kiboko. Wenzake wakachukua silaha. Mtemi akatuma watu kutaka amani, Peters akaikataa, akisema Wagogo lazima wawajue Wajerumani. Vijiji vikachomwa moto, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa. Linganisha tukio hili na lile la Mvumi miaka 19 kabla: macho yale yale, mjeledi ule ule, ila safari hii nyuma ya mjeledi palikuwa na dola. Baada ya hapo Peters alikutana na Emin Pasha Mpwapwa, na tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana nchi.

Sitaki kuvipa vitabu nguvu kuliko vilivyokuwa nayo. Ujerumani iliitaka njia ya kati kwa ajili ya biashara na baadaye reli, na ingeichukua hata kama Wagogo wangesifiwa kuwa malaika. Kazi ya vitabu ilikuwa kulainisha dhamiri. Aliyechoma tembe la Mgogo hakuona kwamba anachoma nyumba ya mwenye nchi aliyetoza ushuru wake. Aliona anamwadhibu mnyang'anyi aliyejulikana tangu 1860.

Kwa wenyeji, uvumi wa 1857 sasa ulionekana kuwa ulisema kweli. Wafalme wa bahari walikuwa wamerudi kuichukua nchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, maradhi ya ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki na kuua ng'ombe kwa wingi usiowahi kuonekana. Hongo ikafa, na kuanzia 1898 serikali ya Kijerumani ikaanza kudai kodi ya nyumba: aliyekuwa akilipwa akawa mlipaji. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua zikakatika, na njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya. Maelfu walikufa, na wengine walitawanyika kutafuta chakula.

Kutoka katika njaa kama hizo lilizaliwa jina la Mgogo kuwa mwombaji mjini, na hapa ninawaonya wanaopenda kuunganisha mambo upesi. Ni rahisi kusema kwamba dharau hiyo ilitoka kwa Burton. Walioieneza mitaani hawakuwa wamemsoma. Waliwaona watu waliofukuzwa na ukame. Msomi wa kikoloni aliyeviona vyote viwili, kitabu na mwombaji, ndiye aliyeweza kudhani kwamba tabia ndiyo chanzo na njaa si kitu.

Kisha ikaja Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza, waliokuwa wameichukua nchi kutoka kwa Wajerumani baada ya Vita Kuu, walileta matrekta na mamia ya watumishi wao ili kulima karanga katika maeneo makubwa ajabu, wakiwa wameichunguza nchi kwa wiki chache tu. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua ikagoma, na mwezi Septemba mwaka huo mgomo wa makuli wa Dar es Salaam ulienea kandokando ya reli hadi Kongwa kwenyewe. Mradi ulipovunjwa mwaka 1951 ulikuwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Waingereza wengi walioandika habari zake waliilaumu ardhi, vichaka na jua. Wenyeji, ambao waliijua mvua hiyo kwa vizazi, hawakuwa wameulizwa kwa uzito, nao walimwona Mzungu kwa jicho jipya: si mfalme wa bahari tena, bali mtu anayeweza kukosea kwa gharama kubwa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1954, kilichapishwa kitabu cha Kiswahili kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Mwandishi wake alikuwa Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mshairi yule yule aliyekuja kujulikana nchi nzima kwa ngonjera zake. Karibu karne moja ilikuwa imepita tangu Burton apige kambi Ugogo, na katika muda wote huo habari za Wagogo zilizochapishwa zilikuwa zimeandikwa zaidi na wageni, baadhi yao watu waliokuwa wakidaiwa hongo. Mnyampala aliandika koo, watemi na mila kutoka ndani ya nchi, tena kwa lugha ambayo mpagazi, karani na mtoto wa mtemi wangeweza kuisoma pamoja.