Kupima dhahabu Mpanda: makato ni kiasi gani?
Mchimbaji mdogo wa Kasekese, wilayani Tanganyika, akitaka kuuza dhahabu kihalali anaipeleka soko la madini Mpanda. Pale inapimwa uzito na usafi kwanza, bei baadaye.

Makato je? Mwaka 2019, masoko haya yalipoanza, Serikali iliwafutia wachimbaji wadogo VAT ya 18% na kodi ya zuio ya 5%. Makato makuu yakabaki mrabaha 6% na ada ya ukaguzi 1%, yaani Sh70,000 kwa kila Sh1 milioni.

Inauma, ila kuuza kwa magendo kunauma zaidi. Gramu 10 za karati 22 zina dhahabu safi gramu 9.17. Mnunuzi akikadiria kwa macho kuwa ni karati 18, unalipwa gramu 7.5 tu. Hapo 18% imeyeyuka.