Vizuizi vya Naitrifikesheni katika Majitaka (Njombe na Makambako)

Vizuizi vya naitrifikesheni ni kemikali zinazodumaza bakteria wanaogeuza amonia ya majitaka kuwa naitraiti, kisha naitreti. Katika miji ya Njombe na Makambako, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kemikali hizi zina nafasi zaidi maabarani kuliko kwenye bwawa la kusafishia majitaka.

Nyumba nyingi huko hutumia vyoo vya shimo au makaro, na ndani ya karo hakuna oksijeni. Naitrojeni hutoka humo ingali amonia, hivyo hakuna cha kuzuia. Kwenye bwawa lililo wazi, baridi hufanya sehemu ya kazi hiyo bure: Njombe iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti bakteria hao, ambao hata penye joto hukua taratibu, huzidi kuzorota.

Kizuizi maarufu ni alilithiourea (ATU). Hunasa shaba ambayo kimeng'enya cha kwanza cha bakteria hao hakifanyi kazi bila yake. Umuhimu wake huonekana kwenye kipimo cha BOD, yaani oksijeni inayoliwa na uchafu: sampuli hufungiwa kwenye chupa, gizani, kwa nyuzijoto 20, siku 5. Miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia ikigeuka yote kuwa naitreti hula miligramu 4.57 za oksijeni. Maji yenye miligramu 10 za naitrojeni hiyo kwa lita yanaweza basi kuongeza zaidi ya miligramu 45 kwa lita kwenye BOD, ilhali kikomo cha Tanzania kwa maji yanayotoka mtamboni ni miligramu 30 kwa lita. Hivyo bwawa linalofanya kazi vizuri linaweza kuonekana bovu. ATU ya miligramu 2 kwa lita huondoa utata huo, mradi ripoti iseme imetumika. Takwimu isiyosema hivyo haifai kulinganishwa na nyingine.

Baadhi ya mitambo mikubwa ya nje ya nchi huzuia hatua ya pili tu, naitraiti isifike kuwa naitreti, ili kuokoa robo ya oksijeni. Rotterdam, Uholanzi, ilianza kufanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa maji ya moto yanayotoka kwenye tope, bila kumwaga sumu: joto la nyuzijoto 30 na zaidi pamoja na muda mfupi wa kukaa vilitosha kuwaondoa bakteria wa hatua hiyo. Joto hilo Njombe halipatikani bila kupasha maji moto.

Mkoa wa Njombe una kizuizi chake cha asili pia: tanini ya magome ya miwati, mti uliopandwa kwa wingi Kibena tangu kampuni ya TANWAT ilipoanzishwa mwaka 1949. Tanini hushikamana na protini, vikiwemo vimeng'enya, hivyo maji yenye tanini nyingi hayafai kuchanganywa na majitaka ya mji kabla ya kupunguzwa makali. Kumwaga ATU bwawani kwa makusudi ni hasara tupu: amonia ingebaki, nayo huua samaki, hasa mchana mwani unapoyafanya maji kuwa ya kibesi.